Mnyonge Mnyongeni, Kura Yake Ihesabuni

Katiba yetu ya mwaka 2010 ina neno moja ambalo wengi hulipita bila kulitazama usoni, nalo ni uwiano. Ibara ya 90 inaagiza kwamba viti maalumu katika Bunge la Taifa, Seneti na mabunge ya kaunti vijazwe kwa orodha za vyama, kwa misingi ya uwakilishi wa uwiano. Msomaji asikiapo hivyo hudhani kuwa haki imekwisha kutendeka. La hasha! Kifungu kidogo cha tatu cha ibara iyo hiyo kinafafanua uwiano unaokusudiwa: ni uwiano wa viti ambavyo chama kimevishinda, wala si uwiano wa kura ambazo wananchi wamekipigia. Hoja yangu ni kwamba tofauti hiyo, ijapokuwa yaonekana ndogo kama tone la wino, inawanyima sauti maelfu ya wapigakura wa Migori na Homa Bay, na kwamba wakati umewadia wa kuirekebisha.

Mimi ni mwalimu wa isimu wala si mwanasiasa. Kazi yangu ni kupima maneno. Neno uwiano limetokana na kitenzi wia, ambacho asili yake ni deni. Anayekuwia ni yule anayekudai, na mtu anayewiwa ni mwenye deni la kulipa. Vitu vinavyowiana, basi, ni vitu vilivyolipana haki zao, hiki kikawa kwa kadiri ya kile. Tukilifuata neno hadi kwenye shina lake, twaona kwamba bunge linawiwa na wapigakura wote, wala si wale tu ambao mtu wao alishinda. Kuchukua viti vya washindi, kuvifanya kipimo cha kugawia viti vingine, kisha kuliita zoezi hilo uwiano, ni kumlipa tajiri mara mbili na kumwambia maskini asubiri.

Mfumo tuliourithi kwa Waingereza ni rahisi kuueleza. Kila wadi na kila eneobunge huchagua mtu mmoja, na apataye kura nyingi kuliko wenzake huchukua kiti, hata ikiwa waliomkataa ni wengi kuliko waliomkubali. Wawaniaji watano wakigawana kura, mmoja aweza kushinda kwa thuluthi moja tu. Thuluthi mbili zilizosalia hazina pa kwenda. Wenye kura hizo walipanga foleni alfajiri kama wengine, wakatiwa wino kidoleni kama wengine, lakini matokeo yakishatangazwa, kura zao hazina mtu wa kuzisemea.

Hebu tutazame tarakimu. Migori ina maeneobunge 8 na wadi 40. Homa Bay nayo ina maeneobunge 8 na wadi 40. Mwaka 2017 Cyprian Awiti wa chama cha ODM alitangazwa gavana wa Homa Bay kwa kura 210,173 dhidi ya kura 189,060 za Oyugi Magwanga, mwaniaji huru. Kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2019 ilimthibitisha Awiti. Mwezi Oktoba 2018, katika uchaguzi mdogo wa useneta wa Migori, Ochillo Ayacko wa ODM alipata kura 85,234 naye Eddy Oketch wa Federal Party of Kenya akapata 60,555. Mwaka 2022 Gladys Wanga, pia wa ODM, alishinda ugavana wa Homa Bay kwa kura 244,559, huku Evans Kidero, mwaniaji huru, akipata 154,182.

Kiti cha gavana ni kimoja na hakigawanyiki. Aliyeshinda ameshinda, na sina ugomvi na hilo. Lakini tarakimu hizi zinabatilisha dhana iliyozoeleka kwamba watu wa Nyanza Kusini wote hufikiri kwa kichwa kimoja. Katika kila wapigakura 10 waliochagua mmojawapo wa wawaniaji hao wawili wakuu, takriban wanne, na mara nyingine karibu watano, walikuwa upande wa pili. Sasa geukia ubunge. Mwaka 2022 maeneobunge yote 8 ya Homa Bay, kuanzia Kasipul hadi Suba Kusini, yalitwaliwa na ODM. Najua kwamba kura ya gavana si kura ya mbunge, na kwamba mtu aweza kumpa huyu hiki na yule kile. Hata hivyo, mgeni anayeisoma Homa Bay kwa viti vyake vya ubunge angeapa kwamba kaunti hiyo haina mtu mwenye mawazo tofauti.

Huko Migori mfumo huu umezaa jambo lenye hatari zaidi. Sisi wanaisimu tunapochora ramani ya lugha, tunajua kwamba mpaka kati ya lugha mbili si ukuta. Kati ya Wajaluo wa Suna na Wakuria wa Kehancha yapo masoko, zipo ndoa, zipo shule, na wapo watu wasemao lugha zote mbili na kuongeza Kiswahili juu yake. Lakini tazama matokeo ya ubunge ya mwaka 2022. Rongo, Awendo, Suna Mashariki, Suna Magharibi, Uriri na Nyatike yalikwenda kwa ODM. Kuria Mashariki na Kuria Magharibi yakaenda kwa UDA. Ramani ya viti ikawa ramani ya lugha, kana kwamba hakuna Mkuria aliyeipigia ODM wala Mjaluo aliyeipigia UDA. Watu hao walikuwapo, ila mfumo uliwafuta kama mwalimu afutavyo ubao, na waliofutwa ndio hasa ambao kaunti yenye jamii mbili kubwa inawahitaji ili iishi kwa amani.

Kuna watakaosema kwamba wazee hupatana na mambo yakaenda. Ni kweli. Mwaka 2013 Dkt. Wilfred Machage, Mkuria, alichaguliwa seneta wa kwanza wa Migori kwa tikiti ya ODM katika kaunti ambayo wengi wa wapigakura wake ni Wajaluo. Nelson Mahanga Mwita alikuwa naibu wa Gavana Okoth Obado, na mwaka 2022 Joseph Mahiri akachaguliwa naibu wa Gavana Ayacko. Wote wawili ni Wakuria. Mapatano hayo yanastahili sifa. Lakini mwaka 2017 kiti cha useneta kilikwenda kwa Ben Oluoch Okello, na Wakuria hawakuwa na sheria yoyote ya kuishika ili wadai sehemu yao. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba watu wa Migori ni 1,116,436, na zaidi ya laki tatu kati yao walihesabiwa katika sehemu mbili za Kuria. Jamii yenye zaidi ya robo ya watu haipasi kuishi kwa hisani. Hisani hutolewa na mwenye nacho, naye aweza kuiondoa apendapo. Haki haiondolewi na mtu.

Wakuria, angalau, wanaishi pamoja mahali pamoja, hivyo maeneobunge mawili wanayapata. Je, wale waliotawanyika? Wamaragoli wamekuwa wakilima mashamba katika eneo la Kanyamkago, huko Uriri, tangu zama za ukoloni. Hawajai eneobunge, na mfumo wa mshindi mmoja hauna dawa ya mtu asiyejaa eneobunge. Wasuba nao wana masaibu ya aina yake. Maeneobunge mawili ya Homa Bay yanabeba jina lao, lakini lugha ya Olusuba imemezwa na Kijaluo kwa miongo mingi, na leo inahesabiwa miongoni mwa lugha zilizo hatarini, ingawa kisiwani Mfangano wangalipo waisemao. Mtoto wa huko akienda chekechea atafunzwa kwa lugha gani? Elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba; kwa hiyo mahali pa kuuliza swali hilo ni bunge la kaunti. Ibara ya 197 nayo inataka mabunge ya kaunti yaakisi jamii na tamaduni zilizomo, na inaliagiza Bunge litunge sheria ya kuwalinda walio wachache. Ahadi ipo. Chombo cha kuitimiza ndicho kigumu kupatikana maadamu tunategemea mshindi mmoja kwa kila wadi.

Lipo tatizo lingine ambalo kila mkazi wa kaunti hizi analijua. Penye chama kimoja chenye nguvu, uchaguzi wenyewe hufanyika katika kura za mchujo. Siku ya uchaguzi mkuu watu huenda kutia muhuri tu. Kampeni za suti ya vipande sita, yaani kupigia chama kimoja kuanzia rais hadi mwakilishi wa wadi, humfanya mwenye tikiti ajihesabu mshindi kabla ya debe kufunguliwa. Basi nguvu zote huelekezwa kwenye tikiti, na ugomvi wote pia. Wanaokosa tikiti hugeuka wawaniaji huru, na wakishindwa hawana orodha wala bunge la kuwapokea. Hata nafasi ya wanawake hutegemea bahati ya tikiti. Mwaka 2022 Homa Bay ilimchagua gavana mwanamke na wabunge watatu wanawake, yaani Millie Odhiambo wa Suba Kaskazini, Lilian Gogo wa Rangwe na Eve Obara wa Kabondo Kasipul. Migori, jirani yake wa kupakana, haikumchagua mwanamke hata mmoja katika maeneobunge yake 8. Haki isiyovuka mpaka wa kaunti mbili zilizoshikamana bado haijakomaa.

Ajabu ni kwamba watu wa Nyanza ndio waliopaswa kuwa wa kwanza kuukataa mfumo huu, kwa kuwa umewahi kuwauma. Mwaka 1966, baada ya mkutano wa Limuru, Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walitoka KANU na kuunda chama cha KPU, na uchaguzi mdogo ukaitishwa katika viti vya waliohama. KPU ilipata kura nyingi kuliko KANU kwa jumla, lakini ikaambulia viti 9 huku KANU ikipata 20. Kura nyingi, viti vichache! Dhuluma ile haikuhitaji kuiba debe. Hesabu ya mfumo wenyewe ilitosha. Leo chama chenye mizizi Nyanza ndicho kinachonufaika na hesabu iyo hiyo ndani ya kaunti zake. Mkuki kwa nguruwe, walisema wahenga, kwa binadamu uchungu.

Wala si kwamba hatujawahi kuambiwa. Mwaka 1997 Phoebe Asiyo, mbunge wa Karachuonyo, alipeleka bungeni hoja ya kuwatengea wanawake nafasi, ikaangushwa. Mwaka huo huo mapatano ya vyama vyote yalimwondolea rais uhuru wa kuwateua apendavyo wabunge 12 maalumu, nafasi hizo zikaanza kugawiwa vyama kwa kadiri ya nguvu zao bungeni. Mwaka 2002 rasimu ya tume ya Profesa Yash Ghai ilipendekeza mfumo mseto, wenye wabunge wa maeneobunge na wabunge wa orodha. Pendekezo hilo halikufika katika Katiba ya 2010. Matokeo yake tuliyaona Septemba 2020, pale Jaji Mkuu David Maraga alipomshauri rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya thuluthi mbili za jinsia. Tulikuwa tumeandika lengo lisilofikika kwa njia tuliyoichagua.

Wenzetu wamejaribu, na twaweza kujifunza kwao. Nchini Lesotho mwaka 1998 chama kimoja kilipata takriban asilimia 60 ya kura na kutwaa viti 79 kati ya 80. Walioshindwa waliingia barabarani, majeshi ya nchi jirani yakaingia, na mji mkuu wa Maseru ukachomwa moto. Kufikia uchaguzi wa mwaka 2002 Lesotho ilikuwa imeviacha viti 80 vya majimbo na kuongeza 40 vya orodha, ili kuvifidia vyama ambavyo kura zao hazikupata viti. Afrika Kusini, tangu mwaka 2000, huwapa wapigakura wa miji karatasi mbili: moja ya kumchagua diwani wa wadi, nyingine ya kukichagua chama. Na hapa jirani, ukivuka tu mpaka wa Isebania na kuingia Sirari, Katiba ya Tanzania hugawa viti maalumu vya wanawake bungeni kwa kura za vyama vilivyofikisha asilimia 5. Sisemi kwamba uchaguzi wa majirani ni kielelezo katika kila jambo. Kanuni njema haiponyi uchaguzi usio huru. Nasema tu kwamba wamekubali kuhesabu kura pale ambapo sisi tunahesabu viti.

Napendekeza nini, basi? Kwanza, kifungu cha tatu cha Ibara ya 90 kibadilishwe ili viti vya orodha vigawiwe kwa kura. Pili, katika bunge la kaunti mpigakura apewe karatasi ya pili ya kuchagua orodha, na viti vya orodha vitumike kufidia upungufu uliotokea katika wadi, orodha zikiwatanguliza wanawake pale ambapo wadi zimechagua wanaume kupita kiasi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kaunti ina wadi 40 na viti 20 vya orodha. Chama cha kwanza kinapata kura 55 kwa kila 100 katika kila wadi, chama cha pili 45. Kwa utaratibu wa sasa chama cha kwanza kinachukua wadi zote 40, na kwa sababu kina viti vyote, kinachukua pia viti vyote 20. Jumla ni 60 kwa sufuri. Kwa utaratibu ninaoupendekeza, chama cha pili kinafidiwa viti 20 vya orodha, na jumla inakuwa 40 kwa 20. Mwenye wingi bado anatawala. Wala uwiano haujatimia barabara, maana chama cha pili kilistahili 27. Lakini sasa bunge lina watu 20 wa kuuliza bajeti imekwenda wapi, na gavana hawezi kulala usingizi wa pono.

Yapo mapingamizi, nami siyadharau. Wapo wasemao kwamba orodha huandikwa na wakubwa wa vyama, wakajaza shangazi na wapambe wao. Hilo ni kweli, na linatokea hata sasa. Tofauti ni kwamba orodha ya leo haipigiwi kura na mtu, ilhali orodha yenye karatasi yake debeni yaweza kukataliwa na wananchi. Ichapishwe mapema, ipigiwe kura na wanachama. Wapo wanaohofia utitiri wa vyama vidogo. Kiwango cha chini cha asilimia kadhaa kitawazuia. Wapo wasemao mwananchi anamtaka mtu wake wa kumwendea kuhusu basari na barabara. Naye atabaki, maana wadi hazifutwi. Pingamizi zito zaidi ni la mwaniaji huru, ambaye hana chama wala orodha. Kwake sheria iruhusu wawaniaji huru wa kaunti moja wawasilishe orodha ya pamoja.

Njia ya kufanya mageuzi haya ipo. Ibara ya 90 haimo katika yale mambo ambayo Ibara ya 255 inayataja kuwa ni lazima yaende kwa kura ya maoni. Thuluthi mbili za wabunge wote na thuluthi mbili za maseneta wote zinatosha kuibadilisha. Kinachokosekana ni msukumo, na msukumo hautatoka kwa walioneemeka na mfumo uliopo. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Ndiyo maana nawaandikia walimu na wanafunzi. Mwalimu wa Rongo au wa Mbita anayefundisha Hisabati ana hapa somo la asilimia lililo hai kuliko lolote lililomo kitabuni. Achukue kura za baraza la wanafunzi shuleni mwake, azihesabu kwa njia zote mbili, kisha awaulize wanafunzi ni hesabu ipi wangeikubali kama wao ndio walioshindwa. Mwanafunzi atakayepiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 2027 hatapiga kwa utaratibu mpya, lakini aweza kwenda mkutanoni na kumwuliza kila mwaniaji wa ubunge na useneta swali moja tu: utapiga kura ya ndiyo au ya la, siku Ibara ya 90 itakapoletwa irekebishwe? Lijibiwe hadharani, na jibu liandikwe. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na katika uchaguzi, haki ya mnyonge ni kura yake kuhesabiwa hadi mwisho wa hesabu.